Jina Lisilovaliwa na Mtu

Mimi ni fundi viatu, na niseme mapema tusije tukagombana huko mbele: mtaa huu hauna fundi mwingine. Wapo watu wenye gundi na nyundo, sikatai. Lakini fundi ni mimi. Shule niliiacha darasa la tano, au tuseme tuliachana kwa amani, na tangu siku hiyo sijaona kiatu kikimuuliza mtu cheti.

Ila leo sijisemi mimi, ingawa nitajipenyeza hapa na pale, mnivumilie. Namsema dada yangu. Tunakaa kibaraza kimoja, yeye upande wa kivuli na mimi upande wa jua, maana ndiye mkubwa. Ana cherehani ya kudarizi. Anadarizi majina kwenye shali za watoto wachanga, herufi zimelala vizuri kama zimepigwa pasi. Hiyo ndiyo kazi iliyo kwenye kibao. Kazi yake ya pili haina kibao: dada yangu anatunga majina.

Si majina ya kurithi, hapana. Mapya, ya moto, ndiyo kwanza yanaepuliwa. Mwanamke anakuja na tumbo lake, anakaa kwenye kigoda, anasema, "Dada, nataka jina ambalo hakuna mwenye nalo." Dada anauliza jina la baba, anauliza la mama, anauliza mumeo alikuwa anakuitaje kabla hajakuzoea. Halafu anakata hapa, anaunga pale, kama mimi ninavyochukua soli ya kiatu kimoja na ngozi ya kingine nikatoa kiatu ambacho hata mwenye kiwanda atakisalimia kwa heshima.

Jina likipatikana, linapimwa. Hapo ndipo kampuni inaponihitaji. Dada anasema mtoto wa miaka miwili akikimbilia barabarani, jina lina nafasi ya pumzi moja tu. Likijikwaa mdomoni halifai, hata likipendeza vipi kwenye shali. Kwa hiyo ananigeukia: "Haya, mdogo wangu, mtoto anakimbilia gari!" Naweka nyundo chini, nasimama, naachia sauti. Na sauti yangu si ya mchezo, kuna siku mtu wa mtaa wa tatu aliitika. Jina likitoka lote bila kukwama, limepita. Ijulikane kwamba watoto arobaini na kitu wa eneo hili niliwaita mimi kabla mama zao hawajawaita.

Fundi saa, jirani yetu wa kibaraza cha pili, kazi yake ni kununa. "Hayo si majina," anasema. "Hayo ni majina ya dawa za kikohozi."

"Dawa ya kikohozi inasaidia watu," dada anamjibu bila kuinua macho. "Wewe saa ya mzee wa kona unayo mwezi wa tatu."

Kusema kweli, mwanzoni hata mimi nilidhani ni maringo ya kisasa. Mpaka nilipoanza kuwaangalia nyuso. Mtu akilisikia jina la mwanawe kwa mara ya kwanza, jina ambalo halina mlevi, halina mwizi, halina shangazi mgomvi wala babu aliyekimbia familia, uso unatulia kama wa mtu aliyekabidhiwa funguo za nyumba mpya. Ndani hakuna msumari wa mtu. Utatundika picha unapotaka.

Na dada analijua hilo kuliko wote, kwa sababu nyumba yake yeye ilikuwa na mtu.

Kabla yake kulikuwa na dada mwingine. Sikumwona, alifariki akikaribia miaka mitatu. Mwaka huohuo akazaliwa dada huyu, na wazazi wetu, kwa uchungu na kwa mapenzi, wakampa jina lilelile. Wakampa na magauni yaleyale, na kikombe. Na kwa kuwa cheti cha kuzaliwa kilikuwepo kabatini, jina lilelile, baba yuleyule, mama yuleyule, mzee akaona ya nini kwenda kupanga foleni tena? Akampa na cheti. Ndiyo maana kwenye karatasi za serikali dada yangu alizaliwa miaka mitatu kabla ya kuzaliwa. Mtoto mwingine mwenye bidii ya hivyo mnaye?

Tulikuwa tunacheka, lakini haikuwa ya kucheka. Cheti kilipotimiza miaka saba, akapelekwa shule. Yeye mwenyewe alikuwa na minne. Miguu inaning'inia kwenye benchi, mwalimu anaandika "mzito wa kuelewa." Nyumbani akilia, anaambiwa, "Mwenzio alikuwa halii." Akimwaga chai, "Mwenzio alikuwa hamwagi." Mtoto wa miaka miwili na nusu ambaye hamwagi chai! Ningelipa kiingilio kumwona. Lakini ndivyo walivyo marehemu, hawana makosa, na aliye hai hawezi kushindana nao. Dada alikua hivyo, akaolewa hivyo, akafiwa na mume, akalea mtoto mmoja wa kiume, na habari ya cheti hakumwambia. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata nilikuwa mimi.

Huyo mtoto wa kiume ndiye mpwa wangu. Anachomelea milango na madirisha ya chuma, kijana mpole, mikono mikubwa, maneno machache. Ameoa, na mkewe akapata mimba. Daktari akaangalia kwenye ile mashine yao, akasema msichana. Jumapili moja wakaja wote wawili kunywa chai kwa dada, mpwa wangu akakohoa, akaweka kikombe chini.

"Mama," akasema, "mtoto atachukua jina lako. Hilo halina mjadala."

Mkewe akaangalia mkate. Dada akatabasamu, akasema, "Ahsante, mwanangu, umeniheshimu." Mimi ndiye niliyeona anakoroga kikombe kitupu, maana mimi macho yangu yamezoea kutafuta tundu la sindano.

Kesho yake dada hakudarizi. Keshokutwa hakudarizi. Siku ya tatu nikamuuliza, "Mashine imeharibika?"

"Mashine ni nzima."

"Basi wewe ndiye umeharibika."

Akageuza uso. "Hilo jina nimelivaa miaka yote, na linanibana mpaka leo. Leo nimvishe na mjukuu wangu? Aambiwe bibi yako alikuwa hamwagi?"

"Si umwambie mwanao hutaki."

"Nitamwambiaje? Mtu anakupa heshima kwa mikono miwili, unairudisha? Na yule binti akisikia, atasema mama mkwe kamkataa mwanawe kabla hajazaliwa."

Mganga hajigangi. Mtaa mzima unabeba majina ya dada yangu, na yeye hana ujanja na la nyumbani kwake. Akafungua droo, akatoa kijikaratasi. Jina la mjukuu alishalitunga zamani, hata kabla hajaambiwa kuna mimba. Navelia. Hili nalitaja wazi kwa sababu mtasikia yaliyolipata, na jina lililokataliwa halina mwenyewe, mwenye shida achukue.

"Zuri," nikasema. "Linatoka kama maji bombani."

"Litakaa humo kwenye droo," akasema.

Hapo ndipo akili yangu ilipofanya kazi ambayo wasomi wangehitaji kikao. Nikakumbuka yule dada muuza vocha wa ng'ambo ya barabara. Alikuwa mjamzito, mimi nikapima jina la mteja kwa sauti, na wiki mbili baadaye naye akatangaza jina hilohilo, ati limemjia ndotoni. Ndoto gani? Ilikuwa sauti yangu! Aliapa na kulia, na ninaamini alikuwa mkweli. Jina likiingia sikioni mara ya kutosha, mtu anadhani limetoka moyoni.

Basi kazi si rahisi? Nitapita chini ya dirisha la mkwe wangu, mke wa mpwa, nimwite mtoto asiyekuwepo. Mkwe atalisikia, litamwingia, ataamka siku moja na kumwambia mumewe, "Nimeota jina." Hakuna aliyekosewa heshima. Sikumwambia dada. Mtu mwenye kipaji haombi ruhusa.

Siku ya kwanza nikasimama pale kwenye nyumba yao ya ghorofa, chini kidogo ya dirisha. "Naveliaaa! Rudi huku!" Nikaenda zangu.

Siku ya pili: "Navelia! Mama anakuita!" Dobi anayefua uani akainua kichwa, akanitazama.

Siku ya tatu sikumaliza hata mara mbili, dobi akaacha beseni lake. "Baba, huyo mtoto bado hujampata? Tangu juzi?"

Jamani, mngesema nini? "Bado," nikasema.

"Bado! Na umesimama! Kavaa nini?"

"Gauni jekundu."

Kufumba na kufumbua uani kuna watu kumi. Mlinzi akafunga geti. Mama mmoja akasema amemwona mtoto mwenye gauni jekundu akielekea kwenye tangi la maji. Amemwona! Mtoto niliyemtunga mimi na dada yangu! Muulize anaona nini kingine, tumtumie kutafuta madini. Wote mbio kwenye tangi. Kijana mmoja akaanza kukunja suruali aingie, na mimi nyuma yao nalia "Ngojeni, ngojeni," nao wanazidi kuamini, wanasema masikini baba wa watu kachanganyikiwa.

Ndipo mkwe wangu akatokea ngazini na tumbo lake, kashika kiuno.

"Mjomba."

"Naam, mkwe."

"Navelia ni nani?"

"Ni mtoto."

"Wa nani?"

"Wa mteja. Alikuja kupima viatu."

"Kwa kutumia dirisha langu?"

Akaniangalia mpaka nikaanza kuzikagua kamba za viatu vyangu. Kisha akawageukia wale watu, akasema kwa utaratibu, "Ahsanteni, wazazi. Mtoto amepatikana, yuko salama," mkono juu ya tumbo. Wakashukuru Mungu, wakanisema kidogo kwa uzembe wa malezi, wakatawanyika. Mimi nikapandishwa ngazi kama mwizi wa kuku.

Ndani kwao chumba kimejaa chuma. Vipande vya madirisha vimeegemea ukuta, na katikati kitanda cha mtoto anachokichomelea mpwa wangu mwenyewe, bado hakijapakwa rangi. Mkwe akakaa kwenye ukingo wa kochi.

"Hilo jina limekatwa na mkasi wa Mama," akasema. "Namjua. Majina yake yote yanaisha mdomo ukiwa wazi. Mjomba, sema ukweli. Mama hataki mwanangu aitwe kwa jina lake?"

Nilijaribu kunyamaza. Nawaapia nilijaribu, ikafika hata nusu dakika. Kisha nikatapika yote: dada wa kwanza, magauni, kikombe, cheti, mwenzio alikuwa hamwagi. Nilipomaliza, alikuwa anacheka na machozi yanatoka, vyote kwa pamoja, na tumbo linaruka.

"Kumbe," akasema. "Kumbe na yeye."

Akafungua daftari lake la kliniki, nyuma kabisa, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa na jina. Amekaa nalo tangu mimba ina miezi minne, hajamwambia mtu. Darasani kwao, akanieleza, walikuwa wasichana watano wenye jina moja, mwalimu akachoka akawaita kwa namba. Yeye alikuwa Wa Nne. Mwaka mmoja alishinda mashindano ya kuandika hadithi, zawadi akapewa Wa Pili kwa sababu ndiye aliyekaa mbele. Kwa hiyo mwanawe lazima awe mmoja tu, na jina alitunge yeye mwenyewe, kwa kinywa chake.

"Mbona hukusema?"

"Mjomba, niseme silitaki jina la Mama? Ningekuwa mkwe wa aina gani?"

Nikakaa chini. Nyumba nzima ya watu wazima, kila mmoja anamwogopea mwenzake heshima, na mtoto ndiye angelibeba mgongoni maisha yake yote. Nikasema, "Vaa viatu." Nikavitazama. "Hivyo hapana, kisigino kimeisha. Vaa vingine."

Tulifika kibarazani jua likiwa juu. Mkwe akakaa kwenye kigoda kama mteja mwingine yeyote. Dada akamtazama yeye, akanitazama mimi.

"Umefanya nini?"

"Nimefanya kazi," nikasema, nikajifanya natafuta nyundo.

"Mama," mkwe akasema, "nimekuja kutafuta jina. Sitaki la mtu. Najua na wewe hutaki."

Dada hakuuliza kaambiwa na nani, alishajua. Aliushika mkono wa yule binti, akaushikilia, na hata fundi saa akaona aibu akazima redio. Kisha akasema, "Kamwiteni mwanangu. Nimechoka kukaa na siri hii."

Mpwa wangu akaja na miwani yake ya kuchomelea ikiwa juu ya paji la uso, akidhani uchungu umeanza. Mama yake akamkalisha, akamweleza yote kuanzia mwanzo, bila kulia, kama anamweleza mteja bei ya uzi. Kijana alisikiliza ameinamisha kichwa.

Mwisho akasema, "Kwa hiyo, Mama, una miaka hamsini na moja?"

"Hamsini na moja."

"Na mimi mwaka mzima nakukataza kupanda ngazi!"

Tulicheka mpaka cherehani ikatikisika. Kisha macho yake yakajaa, akasema ni cheche za kazini. Cheche gani, na alikuwa kaacha kazi nusu saa nzima? Lakini na mimi cheche zilishanifikia.

"Nilitaka kukupa kitu," akamwambia. "Sasa nikupe nini?"

"Ulishanipa. Unaniita Mama. Hilo mwenzangu hakuwahi kuitwa. Ni langu peke yangu, na umenipa wewe."

Kijana akatikisa kichwa, akakitikisa tena, akashusha miwani machoni akiwa amekaa palepale kivulini.

Basi likabaki lile la kwenye karatasi. Mkwe akaikunjua, akaiweka juu ya cherehani. Dada akasoma. Mimi namfahamu dada yangu, akiona kazi mbaya pua inapanda kidogo upande wa kushoto. Ikapanda. Jina lilikuwa refu kama treni ya mizigo, na katikati lina fundo.

"Haya, mdogo wangu," akasema kwa sauti ndogo. "Mtoto anakimbilia gari."

Nikasimama, nikaachia. Nilifika katikati nikaanguka. Nikarudia, nikaanguka palepale. Mimi! Kwa ulimi huu huu niliowahi kumtaja mtu na ukoo wake wote bila kuvuta pumzi!

"Gari limeshampitia," nikasema.

"Mwanangu," dada akaanza, taratibu, mkasi mkononi, "tukipunguza hapa tu..."

"Hapana, Mama."

"Hiki kipande cha katikati. Kingine chote nakuachia."

"Mama."

"Na barabarani je? Litachelewa kumfikia."

"Barabarani nitamshika mkono," mkwe akasema.

Dada alimtazama yeye, akautazama mkasi. Amewakatia watu majina arobaini na kitu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumzuia mkasi. Akauweka chini. Akachukua shali nyeupe iliyokuwa inasubiri, akaibana kwenye fremu ya duara, akachagua uzi wa rangi ya chungwa, akaanza. Jina lilitoka pindo hadi pindo. Ilibidi asogeze fremu mara nne. Navelia alirudi kwenye droo, na hakuna aliyemwonea huruma ila mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyemhangaikia.

Mtoto alizaliwa siku ya Jumanne saa nne asubuhi. Tulipoingia wodini amelala, ngumi zimefungwa kama anadai haki. Nesi alikuwa anaandika kile kikadi cha kufunga kitandani, na nafasi ikamwishia, ikabidi aendelee mstari wa pili. Jina lenyewe msiniulize. Wenye mimba mnasoma, na mambo ya masikio nimeshawaeleza.

"Bibi," nesi akauliza, "hili jina lina maana gani?"

Kwa kawaida dada ana jibu. Wateja wote huwapa maana, nyota, ua, asubuhi njema, huitunga papo hapo. Siku hiyo alimwangalia mtoto kwanza.

"Bado halina," akasema. "Ana saa sita. Rudi uulize akifika miaka ishirini, atakuwa ameshaiweka."

Nesi akacheka, akafunga kikadi, akaenda kitanda cha pili. Mkwe alikuwa amejiegemeza kwenye mto, macho mazito, anasikiliza. Dada akampakata mjukuu wake, akamfunika na ile shali, akainama mpaka pua zikagusana, akamwita kwa jina lake, lote, polepole, na kile kipande cha katikati.

Mtoto akafungua jicho moja.